Acha Nijitupe Kidogo

Nyakundi alinipigia simu Jumanne, saa nne, nikiwa kwenye korido ya mahakama na kikombe changu cha chai, akaniambia mama yake ametutoka asubuhi hiyo. Hakulia. Alikuwa ameshaanza kazi ambayo wanaume wetu hukimbilia msiba unapoingia, ya kutafuta hema, viti na mtu wa kuchapa programu ya mazishi. "Dada Kemunto, kuna mahali tumekwama," akasema. "Hapa kwa majina ya watoto. Mimi niko, Bosibori yuko. Sasa Kwamboka tumwandike aje? Wazee wanasema tuweke 'marehemu' tumalize hii maneno." Nilimwambia aandike: Kwamboka, hajulikani alipo. Akauliza kama ni hivyo tu. "Ni hivyo tu," nikamjibu. "Hayo maneno mawili mama yako aliyapigania mwaka mzima, mimi nikiwa nimeketi kando yake. Usimnyang'anye siku ya kumzika." Alisema sawa, na nikamsikia akimwambia mtu wa kuchapa afute.

Mimi ni mkalimani wa mahakama, na nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Wazee wa kwetu wakisimama kizimbani na Ekegusii chao, mimi ndiye mdomo wao kwa Kiswahili na Kiingereza. Mawakili wananijua kwa ubishi. Wakili akiniambia nifupishe, mimi humgeukia hakimu nikamwambia kwamba shahidi hakufupisha. Shahidi akikohoa katikati ya jibu, nitasema amekohoa. Wapo wanaonicheka na wapo wanaokereka, na mimi sioni haya, kwa sababu ubishi huu sikuzaliwa nao. Niliupata katika mwaka mmoja nilipokuwa na miaka kumi na tisa, katika nyumba ya Mama Kwamboka kule Sironga, na ulianza na kosa ambalo nililifanya mwenyewe, kwa mikono yangu, nikijisifu.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nangoja kuitwa chuoni. Nilikuwa nimeongoza shule nzima kwa Kiingereza, na hakuna mtu aliyekutana nami njiani ambaye hakuambiwa. Nilipata kazi Keumbu, katika chumba kimoja kilichobanwa kati ya bucha na duka la misumari, chenye kompyuta moja, simu moja ya mezani na kibao kilichoandikwa Barua, Simu, Picha za Kitambulisho. Nje, akina mama wa ndizi waliyakimbilia magari na beseni zao tangu asubuhi, na harufu ya ndizi mbivu iliingia hadi kwenye karatasi. Watu waliketi mbele yangu wakasema waliyotaka kuandika, nami nikaandika niliyoona yanafaa. Mzee akisema, "Mwambie huyu kijana arudi, mamake anamlilia mpaka chakula haiingii," mimi niliandika kwamba familia ingependa kumjulisha kuwa uwepo wake nyumbani unahitajika. Nikimsomea, mzee alitikisa kichwa kwa mshangao na kuniita mwalimu. Sasa nikikumbuka barua zile natamani kuwafuata wale vijana wote, mmoja baada ya mwingine, niwaambie mama zao walisema nini hasa.

Kwamboka alikuwa rafiki yangu na alinizidi mwaka mmoja. Jina lake katika lugha yetu linabeba maana ya kuvuka, na mama yake alimpa kwa sababu alishikwa na uchungu akiwa ndiyo kwanza amevuka mto akirudi kutoka sokoni, akajifungua ng'ambo. Tulichuma chai pamoja likizo zote. Yeye alikuwa na mikono miwili iliyofanya kazi ya minne, kikapu chake kikijaa wakati changu kina majani ya kufunika tako la kikapu tu, na tukifika kwenye kituo cha kununulia majani, gari la kiwanda likiwa bado halijafika, alivua viatu, akavipanga sambamba kama watu wawili kanisani, akajilaza juu ya magunia. "Kemu, nimechoka. Acha nijitupe kidogo. Gari ikikuja uniamshe," alisema, na kabla hujamjibu amekwisha kulala. Kila mtu kwetu alisema hivyo. Baba akitoka shambani alijitupa kidogo, mhubiri akitoka mkutanoni alijitupa kidogo. Lilikuwa neno la Kiswahili tuliloliokota shuleni na barabarani, tukalipeleka nyumbani na kulifuga kwa namna yetu.

Kupitia mtu wa kanisani alipata kazi Mombasa, ya kumtunza mama mmoja mzungu aliyekuwa mzee na mwenye miguu mibaya. Kwamboka alimwita Madam. Desemba alipokuja nyumbani alikuwa na habari: Madam alikuwa amekata tiketi ya meli ya kifahari, ile inayozunguka visiwa na miji na watu ndani wakila tu, na tiketi zilikuwa mbili. Tulikuwa jikoni kwa mama yake, moshi ukitoka polepole kupitia paa, mbele yetu obokima, ugali wetu wa wimbi, iliyosimama kama kilima, na mboga ya chinsaga iliyopikwa kwa maziwa mpaka uchungu wake ukatulia. Mama Kwamboka aliuliza kama atakuwa akipika humo. "La, mama. Mimi ni abiria. Jina langu liko kwa orodha ya abiria, chumba moja na Madam, vitanda mbili." Mama yake alilirudia neno hilo, abiria, akaligeuza mdomoni kama mtu anayeonja chumvi. Halafu akauliza choo cha meli kinaenda wapi. Kwamboka alicheka mpaka akakabwa na tonge, nami nikampiga mgongoni. Mama Kwamboka alingoja kicheko kiishe, akasema kwamba watu wa Sironga walikuwa wamewahi kupanda ndege na mmoja aliwahi kufungwa jela Uganda, lakini hakuna aliyewahi kuwa abiria wa meli, na kwamba Sabato inayofuata atawaambia kanisani. Aliwaambia, na aliwaambia pia Sabato iliyofuata hiyo.

Mwezi wa pili, mchana mmoja wa jua kali, simu yangu ya mkononi ililia pale kibandani. Ilikuwa simu ya kwanza katika ukoo wetu, na ujumbe wa watu wote ulipitia kwangu. Ekegusii tulikisema, hatukukiandika. Ukishika simu unaandika Kiswahili, chochote ulichonacho. Ujumbe ulisema hivi, na sihitaji kuutafuta popote: "Tumetoka bandari saa hii. Maji ni mengi kuliko nilivyowaambia. Madam amenituma huku na huku tangu asubuhi. Nimechoka. Acha nijitupe kidogo. Salimia mama." Jioni nilipita kwa Mama Kwamboka nikamsomea. Alikuwa akipepeta wimbi. Alitabasamu, akaniambia huyo mtoto hata mbinguni atatafuta gunia la kulalia, akaendelea kupepeta.

Siku ya tatu, simu ya mezani ya kibanda ililia, na mtu wa ofisi ya meli kule Mombasa akauliza kama nawajua jamaa za Kwamboka. Alipotea, akasema. Madam alikuwa amelala mchana baada ya dawa zake, alipoamka jioni binti hayuko. Walidhani yuko kwenye duka, au kwenye ukumbi wa kula. Walitafuta chumba kwa chumba, meli ikageuka, ikazunguka baharini mpaka kesho yake. Hakuna aliyemwona akitoka, hakuna aliyesikia. Nilipanda hadi Sironga. Nilimwambia Mama Kwamboka kwa Ekegusii, na kwa lugha yetu neno la mtu kupotea ni lile lile la mbuzi kupotea, kwa hiyo alisimama, akachukua leso yake, akauliza wanamtafutia upande gani. Alitaka kwenda. Ilituchukua muda kumweleza kwamba hapakuwa na upande.

Wiki hiyo hiyo ofisi ya meli iliniomba nipeleke ujumbe wowote aliotuma, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Niliketi mbele ya kompyuta nikiwa nimevimba macho, lakini nisidanganye, nilikuwa nimevimba kichwa pia. Ofisi kubwa, ya watu wakubwa, ilikuwa inataka Kiingereza changu. Nilitafsiri sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwa lile neno niliandika kwa Kiingereza kwamba amechoka, aachwe ajitupe. "Kidogo" nililiandika kwanza, nikalitazama, nikaona halikai. Mwalimu wetu wa Kiingereza angelichora kwa kalamu nyekundu. Mtu hujitupaje kidogo? Nikalifuta. Nilisoma tena yote, halikuwa na kosa hata moja la tahajia, nikatuma. Nilienda nyumbani nikijiona mtu aliyemfanyia rafiki yake jambo la maana.

Miezi ilienda. Katika nyumba ya Mama Kwamboka watu waliingia na kutoka, na mimi nilishinda pale kila jioni, nikisaidia kuchambua mboga na kusikia yale ambayo watu husema wakidhani msichana mwenye sufuria hana masikio. Kwanza walisema atapatikana. Kisha wakaanza kusema juu ya mgomba. Kwetu mtu asipopatikana, wazee huweza kukata shina la mgomba na kulizika mahali pake, ili nyumba ipumzike. Mama Kwamboka aliwaambia migomba yake ni ya ndizi. Halafu fununu zikaja, sijui zilitoka wapi, kwamba huenda msichana alijitakia mwenyewe, na sauti zikashuka. Nilikuwa jikoni siku niliyomsikia shemeji wa Mama Kwamboka akimwambia mzee mwingine nje ya dirisha: "Kama ni hivyo, hata huo mgomba hapana. Na jina hilo lisirudi hapa." Hapo nikaelewa kilichokuwa hatarini. Sisi huwapa watoto majina ya waliotangulia. Hivyo ndivyo mtu wetu anavyorudi kukaa mezani. Lakini aliyejitoa uhai harithiwi jina. Hakuna mama angeita mtoto wake Kwamboka kwa ajili yake, si mwaka huo, si miaka mia. Angetoweka mara ya pili, na mara hiyo hapa hapa nyumbani.

Ripoti ilifika mwezi wa nane, bahasha nene, pamoja na fomu ya mama kutia sahihi kwamba amekubali, na barua iliyosema wakili wa kampuni angekuja kuichukua. Mama Kwamboka alifuta kiti kwa leso akanikalisha, yeye akaketi chini na sinia ya maharagwe. Nikaanza kusoma kwa Kiingereza na kumwambia kwa Ekegusii. Walieleza chumba. Walieleza kwamba kitanda cha pili kilikuwa kimelaliwa juu ya shuka bila kufunuliwa, na kwamba viatu vya abiria vilikutwa vimepangwa sambamba sakafuni. Kisha wakaandika uamuzi wao: abiria alijirusha baharini kwa hiari yake. Ushahidi, viatu alivyoviacha. Ushahidi, salamu za kumuaga mama yake. Na ushahidi mkubwa kuliko yote, maneno yake mwenyewe, kama yalivyotafsiriwa na familia. Yakafuata maneno yangu, kati ya alama za kunukuu, bila kosa la tahajia.

Niliishusha karatasi. Maharagwe yaliendelea kuanguka kwenye sinia, moja, mawili. "Soma," akasema. Nilimwambia. Alinyoosha mgongo, akauliza, "Nani aliwaambia hivyo?" Ningeweza kusema ni wao, Wazungu, mitambo, chochote, hakujua Kiingereza na asingejua kamwe. Lakini alikuwa akinitazama kwa macho ya Kwamboka. "Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha lile neno vibaya. Na moja nililitoa." Akauliza lipi. "Kidogo." Nikaanza kulia kwa sauti. Hakunikumbatia na hakunifukuza. Aliokota harage lililooza, akalitupa nje kwa kuku. "Basi utawaambia tena, baba," akasema. "Na safari hii usiwape lugha nzuri. Wape aliyosema." Alikuwa akiniita baba kama mama zetu wanavyowaita mabinti wao, kwa maana baba kwa Ekegusii ni mama. Sijawahi kuitwa kwa jina zuri zaidi, na nilikuwa silistahili.

Wakili alikuja Alhamisi. Nilimpokea Keumbu saa mbili asubuhi, mwanamume wa makamo, mtanashati, aliyesafiri tangu jana yake kutoka Mombasa, suti ikiwa imekunjamana na macho mekundu. Nitamwita Bwana Athmani, maana alikuwa mtu mwema na jina lake halisi si langu la kutoa. Kiswahili chake kilitiririka mpaka niliona aibu kufungua mdomo. Njiani nilijaribu kumweleza juu ya neno lile. Alitabasamu kwa upole. "Binti yangu, Kiswahili ndiyo lugha tuliyonyonya. Mtu akiwa chomboni akasema amechoka, ajitupe, hilo halina maana ya pili. Nawapa pole, lakini ndivyo lilivyo." Nilikuwa na alama za juu kabisa, na nikaendelea kumwonyesha njia.

Mama Kwamboka alikuwa amefua vitambaa vyote vya viti. Wazee wawili wa ukoo walikuwa wameketi, shemeji yake akiwa mmoja wao, na mzee wa kanisa pembeni. Palikuwa na chai ya maziwa, mahindi ya kuchemsha na ndizi tamu. "Msiba huu umetuhuzunisha sote, mama," Bwana Athmani alianza, na yeye akamkatiza kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia ndani ya nyumba: "Kunywa chai kwanza. Maneno itangoja." Alimwongeza kikombe cha pili. Aliniambia, "Baba, letea mgeni maji ya mikono," na wakili akaniangalia, akamwangalia, akauliza mbona msichana anaitwa baba. "Kwetu baba ni mama," akamjibu. Wakili alicheka, akasema ya Mungu mengi. Ndipo alipopiga mwayo, mwayo mrefu wa mtu ambaye hajaona kitanda, akaomba radhi. Mama Kwamboka alisimama na kufungua pazia la chumba cha pembeni. "Wewe umetoka mbali, mwanangu. Nguvu imeisha. Ingia hapa, jitupe kidogo. Wazee wako hapa tu, hawaendi." Wakili alisitasita kwa adabu, akashukuru, akaingia. Tulisikia kitanda kikilia, kisha mkoromo.

Nilimtazama Mama Kwamboka. Aliweka kidole mdomoni. Mpaka leo sijui kama alikuwa amepanga, au kama neno lilimtoka kwa sababu ndilo neno letu na hana lingine, kisha akaliona limesimama pale katikati ya nyumba na akaamua kulingoja. Nilimuuliza mara nyingi, hata akiwa mzee wa kutembelea fimbo, na jibu lilikuwa lile lile, kwamba mgeni alikuwa amechoka.

Baada ya saa nzima alitoka akijifuta uso, ameburudika, akaketi na kufungua mkoba. Alieleza ripoti vizuri, bila ukali, akaweka fomu mezani na kalamu juu yake. Shemeji mtu alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Kwamboka hakuigusa kalamu. "Umelala?" akamuuliza. Wakili akasema amelala sana, Mungu ambariki. "Mimi nilikuambia nini, ukaenda kulala?" Wakili alifikiri. "Nilikuambia jitupe kidogo," akasema Mama Kwamboka. "Sasa wewe, mtu ya Mombasa, ulitafuta maji wapi?"

Kisha Mama Kwamboka akainua mkono akaonyesha mlango wa chumba, pazia likiwa bado wazi. Kitanda kilikuwa kimebonyea juu ya shuka, hakikufunuliwa. Chini yake viatu vyeusi vya wakili, alivyovisahau, vilikuwa vimekaa sambamba. Bwana Athmani alitazama viatu vyake. Alitazama miguu yake, iliyokuwa na soksi tu. Halafu yule mwanamume, ambaye hakuna aliyemlazimisha, aliichukua fomu akaikunja mara nne na kuirudisha mkobani, akavuta karatasi tupu. "Binti," akaniambia, "hebu nitafsirie upya, neno kwa neno, na hilo kidogo lake. Na hapa chini utaeleza maana yake kwa watu wa huku, nami nitashuhudia kwamba nimelisikia kwa masikio yangu." Mzee wa kanisa alianza kuomba kabla hatujafumba macho. Nikaandika pale mezani, kati ya maganda ya ndizi, Kiingereza kibaya kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na nilijivunia kila neno lililokaa upande.

Mwisho wa mwaka ilikuja barua ya ukurasa mmoja. Uamuzi wa kwanza ulikuwa umeondolewa. Mahali pake waliandika kwamba abiria alijilaza kitandani mwake alasiri, akaamka kwa saa isiyojulikana, na kwamba hajulikani alipo. Sababu haijulikani, faili halijafungwa. Nilimsomea nikiwa nimesimama. Aliniambia nirudie. Kisha alimwita shemeji yake kutoka ng'ambo ya ua, akanifanya nisome mara ya tatu, kwa sauti, mpaka majirani wakatoka. Hakupata mtoto wake. Kuna watu wanaodhani habari kama hii inapaswa kuwa na mtu aliyefanya ubaya, mlango uliofunguliwa, kelele iliyosikika, na mimi pia nimelala macho wazi nikiitafuta kelele hiyo. Hakuna. Aliamka bila viatu, akatoka, na hapo ndipo tunapomwacha. Lakini najua kitu kimoja ambacho ofisi nzima ya meli haikukijua, kwamba alasiri ile alifanya alichosema atafanya, na sisi tuliwalazimisha waandike hivyo. Mama mmoja wa Sironga mwenye Kiswahili cha kuuzia ndizi alishinda ripoti nzima ya watu wakubwa. Nilienda chuoni mwezi uliofuata nikijua kazi ninayoitaka.

Miaka mingi Mama Kwamboka hakumpa mtu jina lile, kwa kuwa kulitoa ni kukiri kwamba amekufa, na hakuwa tayari kukiri. Kisha mke wa Nyakundi akajifungua msichana, miaka sita iliyopita, na wote wakangoja. Mama Kwamboka alimpokea, akamgeuza kwenye mwanga. "Sijui aliko," akasema. "Lakini jina yake ni safi. Jina safi haiwezi kaa bila mtu." Hakukuwa na mgomba uliozikwa, si siku hiyo wala nyingine.

Tulimzika Mama Kwamboka Alhamisi, mvua ikiwa imetuheshimu mpaka saa nane. Nilitafsiri ibada kwa ajili ya wageni, na katika programu, kwenye mstari wa kwanza wa watoto, palikuwa na maneno yale mawili. Mwenzangu wa kazini, karani mmoja aliyezaliwa Malindi, alikuwa ameandamana nami na kusikia habari yote kwenye hotuba. Baada ya chakula tuliketi kwa nyumba ya Nyakundi, na karani akamuulizia yule msichana mdogo aliyetunawisha mikono kwa adabu sana, alitaka kumuaga. Mke wa Nyakundi alikuwa amebeba vikombe. "Kwamboka? Amechoka huyo, ameshinda akikimbizana na wageni tangu asubuhi," akasema bila kugeuka. "Ako huko ndani, amejitupa kidogo."

Karani alishtuka, akanitazama. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kutoka nilipoketi niliona viatu viwili vidogo vyenye tope, vimepangwa sambamba kando ya kitanda.

"Amelala," nikamtafsiria. "Kidogo."